Dakika ya 81, Mama Yake Alikuwa Wapi?

Mbappé wa Ufaransa aliupiga mpira kabla haujagusa chini, na sebule nzima ikasimama.

Tulikuwa watu wazima tisa. Viti vilisogea, kinywaji kikamwagika, mtu akanishika bega akawa ananitikisa bila kujua anamtikisa nani. Muda mfupi tu uliopita Argentina walikuwa wanaongoza 2-0, na wengine wetu tulishaanza kuwapongeza. Ikaja penalti, dakika ya 80. Kisha hili, dakika ya 81. Fainali ya Kombe la Dunia, uwanja wa Lusail, Desemba 18, 2022, na mechi imeanza upya.

Katikati ya kelele zile kulikuwa na sauti moja isiyoshangilia.

"Mama mdogo. Mama mdogo! Alikuwa na hii mdomoni."

Ni binti wa dada yangu, ana miaka minane. Amempakata mwanangu wa mwisho, mwenye miezi 20, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameunyoosha, kiganja kiko wazi. Kwenye kiganja kuna betri, ile ndogo ya duara, bapa kama kifungo cha koti, inang'aa kwa mate.

Nilimfungua mtoto mdomo. Nikachungulia, nikapitisha kidole. Nikaitafuta rimoti ya spika, nikaikuta chini ya kochi, haina kifuniko. Rimoti ile hutumia betri moja tu, na moja tulikuwa nayo mkononi. Nikaihesabu ile moja mara tatu.

Shemeji yangu, macho yake bado yako kwenye marudio ya goli, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwani mama yake alikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo hapo. Hatua mbili kutoka kwa mtoto, mikono juu.

## Swali limekataa kuondoka

Naandika haya mwishoni mwa Januari 2023. Ni wiki sita sasa. Sentensi ile bado inanikuta nikifua, nikiwa kwenye foleni, nikijaribu kulala.

Niseme mapema kwamba shemeji si mtu mbaya. Ndiye ambaye watoto humpanda mgongoni akifika tu mlangoni. Hakukusudia kunichoma. Alichosema ndicho chumba kizima kilikuwa kinawaza, na hapa ndipo panaponiuma: ndicho nilichokuwa nawaza mimi pia, kabla hajafungua kinywa. Baba wa mtoto alikuwa karibu naye kuliko mimi. Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza, si usiku ule, wala kesho yake.

Napenda mpira. Sikuupata kwa mume, niliingia nao kwenye ndoa. Lakini mechi kubwa nyingi nimeziona vipande vipande. Mwaka 2014, nusu fainali ya Brazil na Ujerumani, nilikuwa namlea binti huyo huyo wa dada yangu, wakati huo mchanga wa miezi michache. Müller alifunga dakika ya 11. Mtoto akachafuka, nikatoka kumbadilisha, akagoma kunyamaza, nikambembeleza koridoni. Nilirudi sebuleni ubao ukisoma 5-0. Wajerumani walifunga magoli manne kati ya dakika ya 23 na ya 29, dakika ambazo ulimwengu wa soka haujaacha kuzizungumzia, na mimi nilikuwa koridoni na nepi.

Sikulalamika. Mtoto alikuwa anahitaji kubadilishwa.

Ila fainali ya safari hii nilijiambia nitakaa. Nitaiangalia kuanzia nyimbo za taifa hadi kombe linainuliwa, kama wengine wote wanavyofanya. Nikakaa. Na siku niliyokaa ndiyo siku mwanangu aliweka betri mdomoni.

Mtaona kwa nini swali lile lilipata mahali pa kushika.

## Kuhusu ile betri

Nitalisema hili kwa wanaosoma wakiwa na watoto wadogo, kwa sababu mimi nilikuwa nalijua nusunusu tu.

Betri ile ikimezwa na kukwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, haihitaji kupasuka wala kuvuja ndipo idhuru. Unyevu wa mwili unakamilisha mzunguko wa umeme, na pale betri inapogusa nyama hutengenezwa kemikali kali inayounguza. Ndani ya saa mbili umio unaweza kuwa umeungua vibaya. Saa mbili ni mechi moja na mapumziko yake. Mtoto anaweza asilie, asikohoe, akaonekana ana mafua tu. Ukishuku ameimeza ni hospitali moja kwa moja, bila kumtapisha na bila kusubiri dalili.

Rimoti iliyopoteza kifuniko itoke sebuleni. Ya kwetu ilikuwa imekaa miezi mingi na kipande cha gundi ya karatasi, kila mmoja akijua, kila mmoja akisema ipo siku tutaitengeneza.

## Tisa ni wengi mno

Nyumbani tukiwa wawili, mimi na mume wangu, watoto hawajawahi kukaribia hatari ya namna ile. Si kwamba tuko makini kupita wengine. Tukiwa wawili tunaulizana: unamwona? Namwona. Mmoja akienda kuoga anasema naenda kuoga.

Tulipokuwa tisa hakuna aliyesema kitu. Kila aliyetazama upande wa watoto aliona mtu mzima mwingine yuko karibu nao kuliko yeye, akarudisha macho kwenye televisheni akiwa na amani. Amani ile ilikuwa ya kweli, na wote tisa tulikuwa nayo kwa wakati mmoja. Wahenga walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo chetu hakikuwa na nahodha hata mmoja. Kilikuwa na mabaharia tisa, kila mmoja akiamini usukani uko kwa mwenzake.

Na goli ndilo wakati mbaya kuliko wote. Dakika ambayo kila mtu mzima ndani ya nyumba anatazama upande mmoja, anapiga kelele, anaruka, ndiyo dakika ambayo mtoto hawezi kusikika akikabwa.

Hata kelele zenyewe nilikuwa sijazitazama kwa macho ya mtoto. Messi alipofunga penalti dakika ya 23, mwanangu wa mwisho alipasuka kilio. Tukacheka, tukambeba, tukamwambia "goli hilo!" Kwake yeye watu anaowategemea kwa kila kitu walikuwa wametulia, halafu ghafla wakapiga ukelele wakiukabili ukuta. Mtoto wa umri ule husoma nyuso zetu ili ajue kama mahali ni salama. Nyuso tulizompa siku ile hakuna ambaye angezielewa.

## Mpira ukiisha

Yuko mwingine pia, kaka yake wa mwanangu wa mwisho, wa miaka mitano. Yeye hakulia na hakula kitu. Ndiye niliyemsahau kabisa katika wiki za kwanza za kujilaumu, maana hakuleta hatari yoyote.

Kabla mechi haijaanza alikuja na mpira wake kwapani akamwomba baba yake wakacheze. Baba akamjibu: "Mpira ukiisha, tutacheza mpira."

Akaenda kukaa mlangoni.

Mapumziko yakafika. Akasimama. Akaambiwa bado, hayo ni mapumziko tu, na sisi tukabaki tunawasikiliza wachambuzi wakirudia tuliyoyaona wenyewe. Dakika 90 zikaisha. Akasimama tena. Akaambiwa kuna dakika 30 nyingine. Messi akafunga dakika ya 108, Mbappé akasawazisha dakika ya 118, Martínez, kipa wa Argentina, akautoa kwa mguu mkwaju wa Kolo Muani wa Ufaransa katika sekunde za mwisho kabisa, na mtoto akaambiwa sasa kuna matuta. Argentina walipobeba kombe kwa matuta 4-2 nje kulikuwa giza na yeye alikuwa amelala pale pale mlangoni, shavu juu ya mpira.

Tulimdanganya mara nne bila mtu yeyote kusema uongo.

Mtoto wa miaka mitano hawezi kuusoma muda wa mpira. Hata sisi hatuuwezi. Katika mashindano yale yale, mechi ya Uingereza na Iran, kipindi cha kwanza peke yake kiliongezwa dakika 14. Ukimwambia mtoto "dakika tano tu" unamwahidi kitu kilicho mkononi mwa refa. Tangu siku ile nimeacha kabisa kutumia "mpira ukiisha" kama ahadi. Ahadi inayoweza kutimia ni mapumziko. Yana dakika 15, yanajulikana yatakuja lini, na hakuna goli litakalofungwa ndani yake.

## Kimya cha chumba cha pili

Mume wangu alipoona sijatulia alikuja na pendekezo. Mechi kubwa ijayo watoto wakae chumba kingine na kishikwambi, wawekewe katuni, mlango ufungwe, kila mtu afurahi upande wake.

Nilijaribu siku moja isiyo na mechi, nione. Walinyamaza kabisa. Na kile kimya kikanisumbua kuliko kelele. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimeshaona mshindo wake ukiwa kiganjani mwa mtoto. Niliingia mara saba ndani ya nusu saa. Mara ya nne wa mwisho alikuwa amesimama juu ya kiti anavuta pazia, na kaka yake hakuwa amegeuza hata shingo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajafika miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mechi peke yake inapita saa hiyo, hata isipofika muda wa ziada. Siandiki haya kumhukumu mzazi aliyechoka akampa mtoto simu apumue. Nimefanya hivyo, nitafanya tena. Ila nilitambua kwamba kishikwambi kingewaondoa watoto machoni petu bila kumweka mtu mzima yeyote machoni pao. Tatizo letu lingebaki vile vile, mlango tu ungekuwa umefungwa.

## Kitambaa

Wazo la kitambaa lilitoka uwanjani. Nahodha akifanyiwa mabadiliko hatoki hivi hivi. Anakivua kitambaa mkononi, anamvisha mwenzake au anampa mtu akipeleke, ndipo anatoka. Timu haikai hata dakika moja bila mtu mwenye kitambaa, na uwanja mzima unajua ni nani.

Nikasema tufanye hivyo. Kitambaa kimoja, mkono mmoja, dakika 15. Mechi ya dakika 90 ina zamu sita. Watu wazima wote wanaopenda kuangalia wanaokota vikaratasi kabla ya kipyenga, wanaume kwa wanawake. Mwenye kitambaa haangalii mpira. Anaangalia watoto.

Mume wangu alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Halafu akasema kitu ambacho nilihitaji kukisikia na kilinikasirisha papo hapo: "Tatizo la siku ile ni kwamba hakuna aliyekuwa zamu."

Nilikuwa nashona kitambaa chenyewe kutoka shati kuukuu, na binti wa dada yangu alikuwa amekaa pembeni ananishikia sindano. Akainua kichwa.

"Mimi nilikuwa zamu."

Nikamwambia hapana, mama, wewe ni mtoto, wewe ulimwona tu kwa bahati.

"Uliniambia. Ulisema, waangalie wenzako."

## Nimefikiri sana juu ya hili

Alikuwa sahihi. Baada ya kumsikia nikakumbuka hata mahali niliposimama. Timu zilikuwa zinaingia uwanjani, natafuta mahali pa kukaa, nikampita, nikamgusa kichwa, nikasema yale maneno. Sikuyawaza. Yalitoka kama pumzi, kama yalivyokuwa yakitoka kwa kila mtu mzima aliyewahi kunipita mimi nikiwa na umri wake.

Hakuna aliyemwambia kaka yake. Kaka yake ana miaka 11 na alikuwa amekaa mstari wa mbele, magoti kwenye televisheni.

Kwa hiyo wiki zote nilizokuwa nimekasirika kwamba macho ya chumba yalinigeukia mimi, nilikuwa nimeshaushusha mzigo ule ule kwa msichana wa miaka minane ili nipate kukaa. Na yeye, tofauti na sisi tisa, aliufanya. Nilimuuliza aliliona vipi goli la pili la Mbappé. Akaniambia hakuliona. Alikuwa ameipa mgongo televisheni, kwa sababu mtoto alikuwa upande wa pili.

Sikulala vizuri usiku huo. Nilikuwa na hasira nzuri, safi, yenye upande mmoja, na sasa haikuwa na mahali pa kukaa.

Nikamwomba radhi asubuhi. Akaniangalia kama mtu asiyejua anaombwa radhi ya nini, na hilo nalo likanisumbua.

## Mechi iliyofuata

Januari ilipokuja mechi nyingine kubwa tulikutana tena, safari hii kwa shemeji. Nilifika na kitambaa mkobani na moyo unadunda. Kuleta utaratibu mpya nyumbani kwa mtu, mbele ya mama mkwe, si jambo jepesi.

Niliwaeleza. Wengine walicheka kidogo, wakaokota vikaratasi. Mama mkwe akasema alichokuwa nacho moyoni:

"Sisi tuliwalea nyie bila vitambaa."

"Ni kweli, mama," nikasema. Nikanyamaza. Halafu nikasikia sauti yangu inaendelea: "Samahani mama kuuliza. Uliwahi kuangalia mechi moja mwanzo hadi mwisho?"

Alifikiri. Kweli alifikiri, hakuwa anatafuta jibu la kunirudishia.

"Nilikuwa nasikia magoli nikiwa nje," akasema. Kisha akasogeza kiti chake mbele.

Alikaa dakika zote 90. Aliuliza kuotea ni nini mara tatu, na mara ya tatu akakuona mwenyewe kabla mshika kibendera hajainua mkono.

Zamu zenyewe hazikwenda kama nilivyochora. Ya kwanza ilikuwa ya mume wangu, na dakika ya 15 ilipofika alikipitisha kitambaa dirishani bila kuangalia nani amekipokea. Kwa nusu dakika nzima kilikuwa juu ya kochi na watoto wanne hawana mtu. Tukaongeza sharti hapo hapo: unakabidhi uso kwa uso na unahesabu kwa sauti. "Wanne, wote hawa hapa." Anayepokea anarudia. Sharti hili ndilo ningependekeza hata kwa asiyetaka habari za kitambaa. Kuhesabu kunakulazimisha uwatazame mmoja mmoja.

Na kuna ambalo kitambaa hakikuweza. Katika zamu za wengine macho yangu yalikuwa yanatoka kwenye mpira yenyewe kumtafuta wa mwisho. Sijui nilikiona kipindi cha kwanza kwa kiasi gani. Bila shaka chini ya nusu.

## Walichofanya watoto

Nilikuwa nimeandaa mambo mengi na mengi hayakufaa. Karatasi za kupaka rangi zilidumu dakika sita.

Kilichofaa kwanza kilikuwa mazoezi ya kushangilia. Kabla ya mechi tuliwaita watoto katikati ya sebule tukawaambia: kukiwa na goli, watu watapiga kelele hivi. Tukapiga, kidogo. Tukarudia, zaidi kidogo. Mara ya nne wa mwisho alikuwa ndiye anayeinua mikono kwanza. Goli la kweli lilipoingia alishtuka, akatutazama, akatambua, akainua mikono yake. Hakulia.

Cha pili, kadi. Tulikata karatasi za njano na nyekundu, wa miaka mitano akawa refa wa watu wazima. Anayetukana mchezaji anaonyeshwa njano. Aliuliza kwa nini njano na nyekundu, nikafurahi kuwa na jibu: zilianza kutumika Kombe la Dunia mwaka 1970, na wazo lilitoka kwa mwamuzi Mwingereza, Ken Aston, alipokuwa akitazama taa za barabarani. Njano jihadhari, nyekundu simama. Alilipenda hilo kiasi kwamba akatoa kadi kwa mtu aliyekuwa anapita tu kwenda chooni.

Kwa jinsi mechi zilivyo, kazi kama hiyo inawezekana. Mpira wenyewe mara nyingi huwa mchezoni chini ya dakika 60 kati ya zile 90. Zinazobaki ni mipira ya kurusha, kona, mchezaji yuko chini, refa anaongea na mtu. Tumezoea kuziangalia zote kwa uzito ule ule. Mtoto akikuuliza swali wakati kipa anaweka mpira wa kupiga, una sekunde za kutosha za kumjibu ukimtazama usoni. Nilikuwa nasema "ngoja" kwa mazoea tu.

Mapumziko yalikuwa mali yao. Hakuna kusikiliza wachambuzi. Tulitoka wote, na wa miaka mitano akataka kujua goli la kweli lina upana gani. Mita 7 na sentimita 32, nikamwambia, na kimo mita 2 na sentimita 44. Tukaichora ardhini kwa kijiti, na upana ule ulizidi sebule tuliyokuwa tumetoka. Wakashangaa kipa anaufikiaje huko kote. Wakaamua kuupima kwa miili yao: mmoja analala, tunatia alama, mwingine analala mbele yake. Mchezo huo walikuja nao wenyewe, na ulimeza karibu kipindi chote cha pili. Ilichukua watoto sita na kitu, kutegemea nani amelala mara ngapi.

Binti wa dada yangu hakwenda kupima. Hakwenda kwenye kadi pia. Alikaa karibu na bibi, akaangalia.

## Dakika 15 za mwisho

Kikaratasi cha dakika ya 76 hadi mwisho kilimwangukia shemeji. Na dakika za majeruhi ni za mwenye zamu ya mwisho, hata ziwe ngapi.

Goli lilikuja dakika za lala salama. Sebule ikasimama, nami nikiwemo, na safari hii nilijua ninaweza kusimama. Nikasikia miguu inakuja mbio kutoka nje. Shemeji akatokea mlangoni, kitambaa mkononi, macho yanatafuta televisheni.

"Nani? Nani kafunga?"

Akalitazama kundi, akaitazama skrini ambako marudio yalikuwa hayajaanza bado. Halafu akageuka nyuma, kwa sababu wa mwisho alikuwa ameshaanza kuelekea getini. Akamfuata. Marudio yakapita matatu bila yeye.

Baadaye tulipokuwa tunakusanya viti alikuja kunirudishia kitambaa. Alikuwa amekikunja vizuri.

"Dakika 15 ni nyingi sana, shemeji," akaniambia.

"Ndiyo," nikasema. "Ni nyingi."

Akabaki amesimama kidogo, kama ana neno. Hakulisema, nami sikulidai.

## Julai

Bado kuna ambayo hatujakubaliana. Matuta, kwa mfano. Nani avae kitambaa kwenye matuta? Mume wangu anasema wakati huo watoto wote waletwe ndani, wakalie mapaja, kila mtoto na mtu mzima mmoja. Mimi nadhani ni sawa kwa wakubwa, ila wa mwisho bado atahitaji mtu wake, na mtu huyo itabidi akubali kuona baadaye. Mwaka 2026 timu zitakuwa 48 badala ya 32, mechi zitakuwa nyingi zaidi, na watoto wetu watakuwa na miaka mingine. Pengine kitambaa kitakuwa hakihitajiki tena.

Lakini kabla ya hapo kuna Kombe la Dunia la Wanawake, Australia na New Zealand, kuanzia Julai 20 mwaka huu wa 2023. Kwa mara ya kwanza timu zitakuwa 32. Binti wa dada yangu ameshaanza kuuliza majina ya wachezaji. Juzi aliniuliza pia swali lililonifanya niweke chini nilichokuwa nimeshika: wale watoto wanaoingia uwanjani wameshikana mikono na wachezaji, wakishasimama pale kwa nyimbo za taifa, wanakwenda wapi? Nikamwambia kuna watu wanaowangoja pembeni, wanawapokea kabla mpira haujaanza.

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

Akafikiri. Kisha akauliza kama Julai, kwa vile atakuwa amefika tisa, naye anaweza kuokota kikaratasi, avae kitambaa zamu moja. Alisema anajua kuhesabu, anajua kukabidhi, na wadogo wanamsikiliza.

Nikamwambia hapana. Julai yeye ataangalia mpira.